Mwalimu wa Darasa la Kwanza Hapandi Jukwaani

Matokeo ya mtihani wa kumaliza elimu ya msingi yakishatangazwa, wilaya nyingi nchini hufanya jambo jema. Huitishwa mkutano wa wadau wa elimu, turubai likapigwa katika uwanja wa shule au ukumbi wa halmashauri ukapambwa, viongozi wakaketi mbele, na walimu waliofanya vizuri wakaitwa mmoja mmoja kwenda kupokea vyeti, bahasha, na pengine godoro au jiko la gesi. Kwaya ya wanafunzi huimba, Afisa Elimu husoma taarifa yake, na picha hupigwa. Sisi tunaziunga mkono sherehe hizo kwa moyo wote. Mwalimu wa nchi hii amezoea kuitwa anapokosea. Si vibaya akaitwa pia anapofanya kazi yake vizuri.

Lakini yafaa tuulize ni nani hasa wanaoitwa. Ataitwa mwalimu wa Hisabati wa darasa la saba ambaye somo lake limepata alama A nyingi. Ataitwa mwalimu mkuu ambaye shule yake imeshika nafasi ya kwanza kiwilaya, na mratibu elimu kata ambaye kata yake imepanda kutoka mkiani. Katika shule za sekondari wataitwa walimu wa kidato cha nne. Hawa wote wanastahili. Asiyeitwa ni mwalimu wa darasa la kwanza. Yeye mara nyingi yuko nyuma ya turubai, anawapanga watoto wadogo watakaokariri shairi la kuwakaribisha wageni, anawafuta kamasi na kuwafunga vifungo vya mashati, na shairi likisha kukaririwa anawarudisha darasani huku sherehe ikiendelea.

Tunasema kwamba hapa pana kosa, nalo si kosa la sherehe tu. Linaanzia katika namna tunavyopima kazi ya shule, likashuka hadi katika namna tunavyowagawia walimu madarasa, na mwisho linamwangukia mtoto.

Mtu asiyewahi kufundisha hudhani kwamba kazi ya darasa la kwanza ni nyepesi kwa kuwa yanayofundishwa ni mepesi. Hakuna fikra iliyo mbali zaidi na ukweli. Mwezi Januari mwalimu huyu hupokea watoto ambao baadhi yao hawajapata kushika penseli. Wapo waliopitia darasa la awali na wapo walioletwa moja kwa moja kutoka nyumbani. Huko Meatu au Maswa wapo wanaokijua Kisukuma kuliko Kiswahili, na huko Ngorongoro na Kiteto wapo ambao lugha yao ya nyumbani ni Kimaasai tu, hata neno la kuomba ruhusa ya kwenda chooni wanajifunzia pale pale darasani. Mwalimu hana budi kwanza kuwafanya wasiogope, kisha wakae, kisha wasikilize. Baada ya hapo ndipo zinapoanza irabu, na silabi moja moja, na vizibo vya soda na vijiti vya kuhesabia ambavyo ameviokota yeye mwenyewe, na herufi zinazoandikwa kwa kidole mchangani kwa sababu madaftari hayajanunuliwa. Mwalimu wa darasa la saba akikosea hatua moja, mwanafunzi anaweza kurudi katika kitabu akaitafuta. Wa darasa la kwanza hana pa kurudi, maana kitabu chenyewe hakimsemeshi bado.

Kazi hiyo hufanywa katika msongamano. Kiwango kinachotajwa na Serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45. Wasomaji wetu ambao ni walimu hawahitaji kuambiwa kwamba darasa la kwanza lenye watoto 45 ni nadra katika shule za vijijini, na katika vitongoji vya miji yetu ni nadra zaidi. Serikali ilipoondoa ada na michango ya lazima kwa Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, wazazi waliitika kwa kishindo. Watoto walioandikishwa darasa la kwanza waliongezeka kutoka karibu milioni 1 na laki 4 mwaka 2015 hadi kufikia karibu milioni 1 na laki 9 mwaka 2016. Nyongeza ya watoto wapatao nusu milioni katika mwaka mmoja si jambo dogo. Waliopiga hesabu za madawati walikuwapo, na kampeni ya madawati ya mwaka 2016 inakumbukwa na kila mtumishi aliyekatwa au aliyechanga. Mzigo wa kwanza hata hivyo haukubebwa na fundi seremala. Ulibebwa na mwanamke au mwanamume mmoja aliyesimama mbele ya watoto mia na zaidi, akiwa na chaki, sauti yake, na basi.

Madhali hali ndiyo hiyo, ingetazamiwa kwamba darasa la kwanza ndilo lingepewa mwalimu hodari kuliko wote shuleni. Desturi iliyozoeleka ni kinyume chake. Mwalimu mgeni ambaye uwezo wake haujajulikana hupewa darasa la kwanza. Anayekaribia kustaafu hupewa darasa la kwanza ili apumzike. Aliyetofautiana na uongozi wa shule naye hupelekwa huko, kama kwamba darasa hilo ni adhabu. Mwalimu akionekana kuwa hodari, zawadi yake ni kuondolewa kwa watoto wadogo na kupandishwa darasa la sita na la saba, na yeye mwenyewe hufurahi, maana huko ndiko jina linakotoka. Ipo pia kasumba kwamba mwenye shahada asifundishe silabi. Shahada hiyo ilitolewa na nchi hii ili imsaidie nani, kama si yule asiyejua kitu?

Hatuwezi kumlaumu mwalimu mkuu peke yake. Yeye anapimwa kwa ufaulu wa darasa la mwisho. Shule yake ikiporomoka ataitwa wilayani kujieleza, na huenda akavuliwa madaraka pamoja na posho ya madaraka ya shilingi 200,000 kwa mwezi ambayo walimu wakuu walikuja kulipwa baada ya miaka mingi ya kudai. Mwenye akili akipimwa kwa darasa la saba atapeleka nguvu zake darasa la saba. Atawaweka wanafunzi wa mtihani kambini, atawapikia uji, atawatafutia mitihani ya majaribio kutoka shule jirani, na watoto wa darasa la kwanza watafundishwa na mwalimu wa zamu akipata nafasi. Ukitaka kumwona mtu huyu akitenda tofauti, badili kwanza kipimo unachompimia.

Matunda ya kipimo hiki taifa limekwisha kuyaonja. Ripoti ya Uwezo ya mwaka 2010 ilionyesha kwamba kati ya watoto 10 wa darasa la tatu, ni kama 3 tu walioweza kusoma hadithi fupi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wapo viongozi walioikasirikia ripoti hiyo. Mwaka 2012 hasira ikageuka kuwa fadhaa, pale ilipobainika kwamba miongoni mwa wanafunzi waliochaguliwa kuingia kidato cha kwanza walikuwamo wengi wasiojua kusoma wala kuandika, waliokwisha kukaa shuleni miaka saba. Mapema mwaka 2013 yakatoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012, ambamo watahiniwa wapatao 6 katika kila 10 walipata daraja sifuri. Waziri Mkuu wa wakati huo, Ndugu Mizengo Pinda, aliunda tume. Bunge lilijadili mitaala, upangaji wa alama, vitabu na mishahara, na yote hayo yalikuwa na haki ya kujadiliwa. Wachache sana walisema kwamba mtoto aliyeanguka kidato cha nne alikuwa amekwisha kuanguka miaka kumi nyuma, siku alipopita darasa la pili bila kusoma na hakuna aliyemzuia.

Ni haki kukiri kwamba hatua zilichukuliwa. Kuanzia mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliandikwa upya ukaelekezwa katika kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK kama walimu wanavyouita. Rundo la masomo likapunguzwa ili mtoto ajue kwanza mambo matatu. Walimu wa madarasa hayo waliitwa katika mafunzo, wengine kwa mara ya kwanza tangu watoke chuoni. Baadaye ukaja utaratibu wa mafunzo endelevu ya walimu kazini, MEWAKA, ambao thamani yake kubwa ni kwamba haumtaki mwalimu asafiri kwenda mjini kusaini posho. Walimu huketi pale pale shuleni baada ya vipindi, mmoja akaeleza mada iliyomshinda, wenzake wakamwonyesha wanavyoifundisha. Tumeona katika shule zinazotilia maanani vikao hivyo kwamba mwalimu wa darasa la kwanza, ambaye zamani hakuwa na la kusema katika ofisi ya walimu, ndiye anayeulizwa maswali mengi zaidi. Wa darasa la tano anataka kujua afanye nini na mtoto asiyetofautisha silabi, na anayejua jibu ni mmoja tu mle ndani. Jambo kama hili halimo katika taarifa ya ufaulu ya wilaya, lakini ni mafanikio ya watumishi kwa maana kamili ya neno hilo.

Wala si mara ya kwanza kwa nchi hii kufanya jambo kubwa kwa mikono ya walimu ambao hawakuheshimiwa. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto mwenye umri wa kwenda shule awe darasani ifikapo Novemba 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha hata vingefanya kazi usiku na mchana. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa vijijini, wakafundisha watoto saa za asubuhi na wao wenyewe wakafundishwa mchana, kwa masomo ya posta, kwa redio, na kwa mratibu wa kata aliyewazungukia kwa baiskeli au kwa miguu, kwa muda wa miaka mitatu. Zaidi ya elfu 35 walipatikana kwa njia hiyo. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa wapatao milioni 1 na robo mwaka 1974, walizidi milioni 3 mwanzoni mwa miaka ya 1980. Jioni walimu hao hao waliwasha karabai wakawafundisha wazazi wa wanafunzi wao.

Je, walilipwa nini? Walipewa jina la kejeli. Herufi UPE zikafasiriwa kuwa Ualimu Pasipo Elimu, na mzaha huo ukaenea hadi vyuoni na maofisini, ukirudiwa na watu ambao wengi wao walifundishwa a, e, i, o, u na walimu wale wale. Kwamba kiwango cha elimu kiliathirika, hatukatai. Darasa lililojaa kupita kiasi, likiwa na mwalimu ambaye naye ni mwanafunzi, haliwezi kutoa matunda sawa na lile la kabla yake, na uchumi ulipoyumba mwishoni mwa miaka ya 1970 vitabu navyo vilitoweka. Lakini takwimu za Serikali za mwaka 1986 zilionyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamebaki chini ya asilimia 10. Sensa ya mwaka 2022 iliwakuta wanaojua kusoma na kuandika, miongoni mwa wenye umri wa miaka 15 na zaidi, kuwa asilimia 83. Vipimo vya nyakati hizo mbili si sawa, na mtu mwangalifu hatavilinganisha kama vile ni mizani moja. Hata hivyo vinatosha kutukumbusha kwamba kujua kusoma si mali inayowekwa ghalani ikakaa. Kila mwaka watoto wapya huja, na kila mwaka kazi huanza upya na mwalimu wa darasa la kwanza. Wengi wa walimu wale wa UPE wamekwisha kustaafu. Tungefurahi kusikia wilaya moja imewaita walio hai katika kata zake, ikawapa mkono hadharani.

Tumesema juu ya kazi. Tuseme kidogo juu ya maisha. Mtumishi aliye katika ofisi ya mjini huenda hajui kwamba zipo shule ambazo mwalimu huzifikia kwa mashua. Katika wilaya ya Ludewa, vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa vimetengwa na makao makuu ya wilaya na milima mikali, na mtu wa kule ziwa ndilo barabara yake. Ukara, katika wilaya ya Ukerewe, ni kisiwa kinachofikiwa kutoka kisiwa kingine. Mwalimu aliyepangiwa huko anapofuata barua ya kupandishwa daraja iliyochelewa, au madai ya likizo, hupoteza siku mbili au tatu za masomo na nauli ya mfukoni mwake. Akifika huambiwa faili lipo kwa mtu aliyesafiri. Kwa upande mwingine mwalimu huyu ana wakubwa wengi kuliko mtumishi yeyote tunayemjua: halmashauri ndiyo mwajiri wake, TAMISEMI ndiyo inayompanga, Wizara ya Elimu ndiyo yenye mtaala, Tume ya Utumishi wa Walimu ndiyo yenye nidhamu na daraja lake, na Utumishi ndiko kibali kinakotoka. Akiwa na sifa njema, hakuna hata mmoja kati ya hao anayeona ni kazi yake kuiandika. Akiwa na kosa, wote wana fomu.

Mwaka 2016 upandishaji wa madaraja ulisimamishwa ili watumishi hewa wahakikiwe. Uhakiki ulikuwa wa lazima, na fedha za umma ziliokolewa. Lakini mwalimu halisi aliyekuwa amefundisha siku zote alisubiri pamoja na mwalimu hewa ambaye hakupata kuzaliwa, na muda ule ulimgharimu. Utaratibu wa mserereko uliokuja kurekebisha hali hiyo umewafikia wengi, na tunaupongeza. Wale ambao haujawafikia wanajulikana kwa majina katika kila halmashauri, na si haki kuwafanya waandike barua ya nne kueleza lililokwisha kuelezwa katika barua ya kwanza. Mtumishi anayedai haki yake kwa miaka huishia kwa mkopeshaji wa mtaani, anayeshika kadi ya benki ya mwalimu kama dhamana. Mwalimu aliye katika hali hiyo huingia darasani mwili peke yake.

Mwezi Machi 2019 dunia ilimjua mwalimu Peter Tabichi wa Kenya, aliyetunukiwa huko Dubai zawadi ya dola milioni 1 ya mwalimu bora duniani. Alikuwa akifundisha sayansi katika shule ya kutwa ya Keriko, kijijini Pwani, kaunti ya Nakuru, shule yenye wanafunzi wengi maskini na yatima, naye akitoa sehemu kubwa ya mshahara wake kuwasaidia. Afrika Mashariki nzima ilijivunia, na ilikuwa haki. Lakini tulijiuliza siku ile, na tunajiuliza hadi leo, ni akina Tabichi wangapi waliomo katika wilaya zetu ambao mratibu wao wa kata hajapata kuketi darasani mwao kipindi kizima. Kiongozi anapotembelea shule hupokelewa ofisini, huandika jina katika kitabu cha wageni, huoneshwa choo kipya na msingi wa darasa linalojengwa kwa nguvu za wananchi, hunywa soda, akaondoka. Majengo yanahesabika, ndiyo maana yanatembelewa. Mwaka 2021 na 2022 vyumba vya madarasa 15,000 vilijengwa kwa fedha za mkopo wa kukabiliana na UVIKO-19, na katika hivyo 3,000 vilikuwa vya shule shikizi, vilivyowapunguzia watoto wadogo mwendo wa kwenda shule mama. Ni kazi kubwa iliyofanywa kwa muda mfupi. Kinachofanyika ndani ya vyumba hivyo saa mbili na nusu asubuhi, milango ikisha kufungwa, nacho kinataka mtu wa kukitazama.

Mwanzoni mwa mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Taifa liliacha kutangaza orodha ya shule kumi bora na watahiniwa kumi bora. Tuliuona uamuzi huo kuwa wa busara. Shule yenye maktaba, umeme na wanafunzi waliochujwa haishindani na shule ya mwambao wa ziwa. Kuziweka katika orodha moja ni kuilaumu ya pili kwa umaskini wake. Hata hivyo mawilayani orodha hazijakoma. Mitihani ya majaribio bado hupangwa kwa safu kutoka ya kwanza hadi ya mwisho, na mwalimu mkuu wa mwisho bado husimamishwa mbele ya wenzake. Watetezi wa desturi hii husema kwamba bila ushindani walimu watalala. Hoja hiyo tunaiheshimu kwa sababu inatokana na uchungu wa watu walioona uzembe. Sisi hatupendekezi mitihani ifutwe, wala mwalimu asipimwe. Tunasema apimwe kwa alichokikuta na alichokiacha. Aliyewapokea watoto 110 wasiojua herufi, na mwisho wa darasa la pili 90 wakawa wanasoma kwa ufasaha, amefanya zaidi ya aliyewapokea 40 waliokwisha kuiva akawapandisha alama mbili.

Jambo hili limekuwa la haraka zaidi kuliko wengi wanavyofikiri. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeweka elimu ya lazima ya miaka 10, sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Maana yake ni kwamba miaka ya shule ya msingi inapungua kutoka saba hadi sita, na mtoto hatachujwa tena njiani kama zamani. Kwa miaka mingi tulijifariji kwamba asiyesoma darasa la pili atasoma la nne, na la nne likimshinda yapo bado la tano na la sita. Faraja hiyo inapunguzwa mwaka mzima. Mtoto anayepita darasa la pili bila kusoma atafika sekondari, kwa sababu sheria itamfikisha, naye atakaa huko miaka minne mbele ya vitabu asivyoweza kuvifungua, katika lugha ambayo si hata ile aliyoshindwa kuisoma mwanzo. Walimu wa sekondari wanaosoma ukurasa huu wanajua tunachokisema, maana wapo wanaofundisha silabi hivi sasa katika kidato cha kwanza, kwa siri, baada ya saa za kazi, bila kulipwa na bila kuliandika popote kwa kuwa silabi hazimo katika azimio lao la kazi.

Basi wilaya zifanye nini? Ziache kumhamisha mwalimu wa darasa la kwanza katikati ya mwaka. Hili halina gharama yoyote. Linataka tu Afisa Elimu akatae ombi la mkubwa fulani anayemtaka mke wa rafiki yake mjini mwezi wa tano. Nyumba ya mwalimu ikijengwa shuleni, apewe kwanza anayefundisha madarasa ya chini, kwa kuwa ndiye anayetakiwa kufika kabla ya watoto. Maofisa wa wilaya na waratibu wa kata waketi darasani, nyuma kabisa, kipindi kizima, na wakimaliza waandike walichokiona wakimwachia mwalimu nakala. Kila mwisho wa mwaka mtoto wa darasa la pili asomeshwe aya moja na mtu asiye mwalimu wake, hesabu ichukuliwe, na hesabu hiyo ndiyo isomwe kwanza katika sherehe ile ya turubai, kabla ya kutaja alama A za darasa la mwisho. Jiko la gesi moja au mawili yasogezwe upande huo. Tunaamini kamati za shule na wazazi watafuata upesi, kwa kuwa mzazi hata asiyesoma anajua siku mtoto wake alipomsomea barua kwa mara ya kwanza, na anamjua mwalimu aliyemfikisha hapo.

Wapo watakaosema kwamba walimu hodari ni wachache, na wakipelekwa chini, madarasa ya juu yatayumba. Kwa mwaka mmoja au miwili huenda ikawa hivyo, na wilaya itakayothubutu haina budi kuvumilia maneno. Mkuu wa Wilaya na Mkurugenzi wawe tayari kumlinda mwalimu mkuu atakayeshuka nafasi chache kwa sababu ameuweka msingi upya, badala ya kumwita ajieleze. Hapo ndipo tutakapojua nani anataka elimu na nani anataka nafasi katika orodha.

Shule hufunguliwa Januari, na katika siku za mwisho za likizo mwalimu mkuu huketi na mwalimu wa taaluma kupanga nani atafundisha nini. Kwa kawaida kalamu huanza na darasa la mwisho, ikashuka, na walimu wanaobaki ndio wanaoandikwa chini kabisa ya karatasi. Tunaomba mara hii karatasi ianzwe kujazwa kutoka chini, na ikishajazwa ibandikwe kwenye mlango wa ofisi, mahali ambapo wazazi wanaokuja kuandikisha watoto wataweza kuisoma.